Adhabu Inayotaka Neno: Madhumuni na Mipaka ya Adhabu katika Tamthilia ya Kinjeketile, Ikisomwa Sambamba na Kumbukumbu ya Songea ya 1906

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jinsi tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969) inavyoshughulikia suala la adhabu: inatolewa kwa lengo gani, na inakomea wapi. Wahakiki wengi wamezoea kuusoma mwisho wa tamthilia hii kama kilele cha ushujaa wa mhusika mkuu. Makala yanadai kwamba usomaji huo ni sahihi lakini haujakamilika. Mwisho huo unaonesha pia kuwa mtawala hatosheki na mwili wa anayeadhibiwa. Anataka na kauli yake. Hoja hiyo inajengwa kwa kuisoma tamthilia sambamba na tukio la kunyongwa kwa viongozi wa Wangoni mjini Songea tarehe 27 Februari 1906. Makala yanaonesha pia mambo mawili ambayo tamthilia imeyaacha bila jibu, yaani dhima ya Kinjeketile mbele ya watu wake mwenyewe, na adhabu ya njaa iliyowaangukia wasiohukumiwa. Mwishoni, makala yanahusisha matokeo hayo na mjadala wa adhabu ya kifo katika Tanzania ya leo.

1.0 Utangulizi

Mgeni anayefika Songea hachelewi kuoneshwa eneo la Mahenge, ilipo Makumbusho ya Majimaji. Hapo pana kaburi la pamoja la mashujaa walionyongwa na utawala wa Kijerumani, na kando yake pana kaburi la Nduna Songea Mbano, ambaye mji huu umechukua jina lake. Kila mwaka, mwishoni mwa Februari, wananchi, wazee wa Kingoni, viongozi wa serikali na askari hukusanyika hapo kuwakumbuka. Watu waliouawa kama wahalifu wanaenziwa na dola kama mashujaa. Jambo hilo limezoeleka kiasi kwamba halimshangazi tena mtu yeyote, nalo ndilo chimbuko la makala haya.

Nilipoisoma Kinjeketile pamoja na wanafunzi mjini hapa, swali lililorudi mara nyingi halikuhusu maji wala Hongo. Walitaka kujua kwa nini Kinjeketile hakusema tu kwamba maji yalikuwa uongo, akajiokoa. Kwa mwanafunzi aliyelelewa katika desturi ya viboko vya shuleni, kukiri kosa ni njia ya kupunguziwa adhabu. Anayekataa kukiri anaonekana mkaidi. Swali lao lilinifanya nitambue kuwa tamthilia hii, ambayo kwa miaka zaidi ya hamsini imejadiliwa kama tamthilia ya ukombozi, inaweza kusomwa pia kama tamthilia ya adhabu. Makala yanajibu maswali matatu. Je, adhabu katika tamthilia hii inakusudia nini? Inafikia mpaka wake wapi? Na tamthilia yenyewe imeshindwa kuona nini?

2.0 Dhana ya adhabu: kati ya adhabu na adabu

Wanafalsafa wameihalalisha adhabu kwa njia kuu tatu. Ya kwanza ni malipo: mkosaji apate anachostahili, kwa kipimo cha kosa lake. Immanuel Kant ndiye mtetezi mashuhuri wa mtazamo huo. Ya pili ni kuogofya: adhabu imzuie mkosaji asirudie na wengine wasiige. Cesare Beccaria, katika kitabu chake cha 1764, aliongeza sharti kwamba adhabu isizidi kile kinachohitajika ili kuzuia, kwani kinachozidi hapo ni dhuluma, na kwa sababu hiyo aliipinga adhabu ya kifo. Ya tatu ni kurekebisha: mkosaji abadilike na arudi katika jamii. Joel Feinberg (1965) aliongeza jambo lenye manufaa kwa mhakiki wa fasihi. Alieleza kwamba adhabu ni lugha pia. Jamii inapoadhibu hutamka lawama, na maumivu ya adhabu ndiyo maneno ya lawama hiyo.

Kiswahili kina hazina yake katika jambo hili. Neno adhabu na neno adabu yote yametoka katika Kiarabu, lakini ni maneno ya mizizi miwili tofauti: la kwanza linahusu mateso, la pili linahusu malezi na mwenendo mwema. Katika matumizi ya kila siku, hata hivyo, yamesogezwa karibu mno. Msemaji anayesema kwamba fulani "ametiwa adabu" mara nyingi anamaanisha kwamba ameadhibiwa. Methali inayosema "Mchelea mwana kulia hulia yeye" inaruhusu maumivu kwa sababu ya malezi. Ile ya "Dawa ya moto ni moto" inaruhusu malipo. Zanzibar imelipeleka wazo la malezi hadi katika jina la taasisi, kwani gereza huitwa Chuo cha Mafunzo. Lugha yenyewe, basi, inatuonya kuwa mtu anaweza kutoa adhabu huku akiamini, au akijifanya kuamini, kwamba anatia adabu. Utawala wa Kijerumani ulifanya hivyo hasa. Viboko vya "hamsa ishirini", vilivyobaki katika kumbukumbu za watu kwa jina hilo, vilitolewa kwa jina la kuwafundisha kazi watu walioitwa wavivu.

Kipo kigezo kimoja zaidi kinachohitajika hapa. Michel Foucault (1975) alieleza kwamba unyongaji wa hadharani katika Ulaya ya zamani ulikuwa sherehe ya kumrudishia mtawala heshima iliyovunjwa, na umati ulioitwa kushuhudia ulikuwa sehemu ya lazima ya sherehe hiyo. Lakini umati huohuo ulikuwa hatari yake, kwa sababu ungeweza kugeuka na kumhurumia au kumtukuza anayeuawa. Hoja hiyo inaoana na yaliyotokea Songea kwa namna ambayo waandaaji wa tukio hawakuitarajia.

3.0 Songea, Februari 1906

Vita vya Majimaji vilianza Umatumbi mwishoni mwa Julai 1905, pale wananchi wa Nandete walipong'oa pamba iliyolimwa kwa shuruti. Mwanzoni mwa Agosti, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, ambaye maji yake yalikuwa yameunganisha watu wa makabila mengi, alinyongwa Mohoro. Vita havikukoma. Vilienea hadi Mahenge na Umwera, na kufikia Septemba vilikuwa vimeingia Ungoni. Maji yaliletwa huko na mjumbe anayekumbukwa kwa jina la Omari Kinjala. Nkosi Mputa Gama wa Njelu na Nkosi Chabruma wa Mshope waliingia vitani, kila mmoja na manduna wake.

Jeshi la Kijerumani lilijibu kwa bunduki na bombomu, kisha kwa moto. Mazao yalichomwa, maghala yakatwaliwa au kuteketezwa, na njaa ikafanywa silaha. Makadirio ya waliokufa katika eneo zima la vita, wengi wao kwa njaa na maradhi, hutofautiana sana, lakini yanayotajwa mara nyingi na wanahistoria wa Tanzania yanafika watu 250,000 hadi 300,000. Wakati huohuo viongozi wa Ungoni walikamatwa mmoja baada ya mwingine. Tarehe 27 Februari 1906, baada ya hukumu za kijeshi zisizo na rufaa, wengi wao walinyongwa mjini Songea, Nkosi Mputa akiwa miongoni mwao. Idadi inayoadhimishwa ni mashujaa 67. Chabruma alivuka kuingia nchi iliyotawaliwa na Wareno, akauawa huko. Nduna Songea Mbano naye alinyongwa, na inaaminika kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akakutana na uzao wa Songea Mbano, akaomba msamaha.

Tukipima tukio hilo kwa vigezo vya sehemu iliyotangulia, tunaona kwamba halihalalishwi na hata kimoja. Halikuwa malipo kwa kipimo, kwa maana waliostahili na wasiostahili waliangukiwa na njaa ileile. Halikuwa kuogofya kunakohitajika, kwa kuwa nguvu ya kivita ya Wangoni ilikwisha kuvunjwa kabla ya hukumu. Wala halikuwa marekebisho, kwa sababu maiti harekebishiki. Kinachobaki ni lugha. Unyongaji ule ulikuwa kauli, na kukatwa kichwa baada ya kifo kunathibitisha hilo, maana maiti hapati maumivu. Ni walio hai wanaosomeshwa.

4.0 Uchambuzi wa Kinjeketile

4.1 Kifo kilichohamishwa

Hussein anaeleza katika utangulizi wake kwamba Kinjeketile wa tamthilia ni kiumbe cha kubuni, asichukuliwe kuwa mtu yuleyule wa historia. Wahakiki hulitaja tamko hilo kwa haraka, kama ruhusa ya kawaida ya kisanaa. Nadhani linastahili kupewa uzito zaidi, kwa sababu badiliko kubwa kuliko yote linahusu wakati wa adhabu. Katika historia Kinjikitile alinyongwa vita vikiwa changa. Katika tamthilia anakaa hadi wapiganaji wanaposhindwa, anaona maji yalivyowaangusha, ndipo anapokabiliwa na kifo.

Badiliko hilo linafanya kazi mbili. Kwanza, linaondoa ushahidi wa kihistoria kwamba adhabu ya kuogofya ilishindwa. Kinjikitile wa Ngarambe alinyongwa ili vita visienee, navyo vikaenea. Laiti Hussein angefuata tarehe ya historia, tamthilia ingekuwa na hoja nyepesi na ya wazi dhidi ya kitanzi. Pili, kwa kuiacha hoja hiyo nyepesi, mwandishi anajitwisha hoja nzito zaidi. Anaiweka adhabu mahali ambapo haina tena la kuzuia. Vita vimekwisha, maji yamebainika, waliokufa wamekufa. Kama mtawala bado anahitaji kuadhibu katika hali hiyo, basi analolitaka haliwezi kuwa usalama tu. Hapo ndipo msomaji analazimika kuuliza ni lipi.

4.2 Adhabu inayotaka neno

Jibu linapatikana katika mazungumzo ya gerezani. Kinjeketile anapewa nafasi ya kuikana imani yake: atamke kwamba maji yalikuwa uongo. Kitunda, rafiki na kiongozi mwenzake wa mapambano, anamsihi akubali. Kinjeketile anakataa. Sababu yake haihusu ukweli wa maji. Ameshaonesha mashaka yake mapema katika tamthilia, tangu alipotafakari kwamba ujumbe alioupokea kutoka kwa Hongo ulikuwa unawatoa watu mikononi mwa bwana mmoja na kuwaweka mikononi mwa mwingine. Sababu yake inahusu matumizi ya kauli. Akilitamka neno hilo, mtawala atalibeba na kulieneza, na kizazi kijacho kitafundishwa kwamba uongo haukuwa maji peke yake bali na kudai uhuru pia.

Tunaweza sasa kuona jinsi mtawala anavyounganisha adhabu na kauli. Hukumu ya kijeshi inaweza kumwita mtu mwasi, lakini inabaki kuwa kauli ya upande mmoja. Ili lawama ikamilike, aliyelaumiwa anatakiwa aikubali. Ndiyo maana katika desturi nyingi za kutia adabu, mtoto huchapwa na bado huambiwa, "Sema hutarudia." Kiboko kinamaliza kazi yake katika ngozi, kisha kinataka kazi ya ulimi. Kinjeketile anautambua mpaka huo. Mtawala ana uwezo juu ya shingo. Hana uwezo juu ya kukubali. Anaweza kukununua kukubali huko kwa kumwahidi mtu uhai, lakini hawezi kukuamuru.

Hoja hii inashikamana na dhamira inayojulikana zaidi ya tamthilia, kwamba neno alilolizaa binadamu hukua likamzidi na kumtawala. Wahakiki wameihusisha dhamira hiyo na maji: Kinjeketile alitoa neno, watu wakalichukua, akashindwa kulizuia. Ninapendekeza kwamba tukio la gerezani ni mwisho wa hoja hiyohiyo. Mtu aliyejifunza kwa hasara kubwa jinsi neno linavyoweza kumtoroka aliyelitoa hawezi kukubali kutoa neno la pili, hata kwa bei ya uhai wake. Kukataa kwake si ukaidi, na wala si ushujaa wa kifua pekee. Ni hekima aliyoipata kutokana na kosa lake mwenyewe. Kwa maana hiyo, mtu pekee aliyerekebishwa katika tamthilia hii amerekebishwa na matokeo ya tendo lake, kabla mtawala hajamgusa.

Hili ndilo jibu nililowapa wanafunzi wangu, na sikuona kwamba liliwaridhisha wote. Mmoja aliniuliza: waliokufa kwa kuamini maji wangesema nini? Swali hilo linatupeleka mahali ambapo tamthilia inayumba.

4.3 Kosa lisilo na mahakama

Kinjeketile alikuwa na mashaka, na pamoja na mashaka hayo watu walikwenda mbele ya bombomu. Ni kweli kwamba tamthilia inaonesha alivyojaribu kuwazuia wasiharakishe. Ni kweli pia kwamba shinikizo la watu lilikuwa kubwa. Lakini kuna tofauti kati ya kusema "subirini" na kusema "sina hakika". La pili lingehitajika lisemwe wazi, mbele ya wote, kabla ya mtu wa kwanza kuanguka. Katika jamii yoyote yenye haki, kiongozi wa namna hiyo angestahili kuulizwa. Si lazima auawe, wala apigwe. Ila angestahili kusimama mbele ya wajane na yatima na kujibu.

Tamthilia haimpi nafasi hiyo. Mahakama pekee inayomhukumu ni ya adui, na kwa kuwa hukumu ya adui ni dhuluma, Kinjeketile anatoka akiwa ametakaswa na dhuluma hiyo. Hili ni tatizo la kimaadili, na ni tatizo la kisanaa pia. Kitunda ndiye angeweza kuibeba sauti ya waliopotelewa, kwa kuwa aliwaongoza wapiganaji na alishuhudia walivyoanguka. Hata hivyo, katika tukio la mwisho Kitunda anapewa kazi ya kumshauri mwenzake ajiokoe; hapewi kazi ya kumuuliza. Mwandishi amemfanya mshauri mahali ambapo angeweza kuwa shahidi.

Kutoka Songea upungufu huu unaonekana waziwazi zaidi. Hata katika simulizi za Ungoni, waliokubali maji si wote waliokuwa na sababu moja. Wangoni hawakuwa wamekandamizwa na kilimo cha pamba kama Wamatumbi. Watawala wao walikuwa na hasara yao ya kupoteza mamlaka na mapato waliyoyapata kwa kuwatawala majirani. Kitanzi cha Februari 1906 kilizifunika tofauti hizo zote. Kilipowaua viongozi, kilizika pia maswali ambayo watu wao wangekuwa na haki ya kuwauliza. Hapa tunaona athari ya adhabu isiyo ya haki ambayo haitajwi mara nyingi, kwamba hudhulumu mara mbili. Humnyima aliyehukumiwa haki yake, na huinyima jamii yake fursa ya kumhukumu kwa haki.

4.4 Wanaoadhibiwa bila kutajwa

Tamthilia inafunguliwa na wanawake wawili, Bi. Bobali na Bi. Kinjeketile, wakizungumza juu ya uhaba wa chakula ilhali wanaume wako katika shamba la pamba. Ni ufunguzi uliofikiriwa vizuri. Kabla ya kiboko kuonekana jukwaani, tunaona adhabu iliyo kimya zaidi, yaani kazi ya lazima inayokausha chungu cha nyumbani.

Tungetarajia tamthilia irejee hapo inapofunga, kwa sababu historia ilirejea hapo. Vita vilimalizwa na njaa iliyokusudiwa, na njaa ile haikuwa na orodha ya majina. Waliokufa kwayo hawakushtakiwa, hawakuhukumiwa, na hawana siku ya kumbukumbu yenye hesabu kamili. "Wapiganapo tembo nyasi huumia", lakini methali hiyo haitoshi hapa, kwa sababu nyasi huumia kwa bahati mbaya, ilhali njaa ya 1906 ilikuwa mkakati. Tamthilia inafunga ikiwa gerezani, pamoja na wanaume wawili na neno lao. Bi. Kinjeketile hayupo kueleza maana ya ushindi wa neno hilo kwa mtu asiye na mbegu ya kupanda.

Silaumu kwa kigezo cha leo. Tamthilia ya 1969 iliandikwa wakati taifa changa lilihitaji kuthibitisha kwamba kupigania haki hakukuanzia mijini miaka ya 1950. Mkazo wake juu ya kauli ya kiongozi ulikuwa na sababu. Hata hivyo, mhakiki anapaswa kusema kwamba ufunguzi uliahidi kitu ambacho ufungaji haukukilipa. Kumbukumbu yetu ya Songea nayo inafuata njia hiyohiyo: tunayo majina ya walionyongwa, hatuna ya waliofishwa njaa.

5.0 Ulinganisho: hukumu yenye masikio

Ili kupima mpaka wa adhabu, inafaa kuiweka Kinjeketile kando ya Kusadikika ya Shaaban Robert (1951). Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha elimu ya sheria. Anapewa siku za kujitetea, naye anazitumia kusimulia visa vya wajumbe sita waliotumwa nchi za mbali, wakarejea na mafunzo yenye manufaa, wakalipwa kwa kutiwa kifungoni. Mwishoni mfalme anasikia, na walioonewa wanafunguliwa.

Kwa juujuu, kazi hizi mbili zinapingana: moja inaamini kuwa hoja inaweza kuishinda adhabu, nyingine haiamini. Lakini zinakubaliana katika jambo la msingi. Katika zote mbili, kinachoitenganisha adhabu na ukatili ni usikivu. Baraza la Kusadikika ni la kidhalimu hadi pale linapoketi na kumsikiliza mshtakiwa siku baada ya siku. Gereza la Kijerumani katika Kinjeketile linauliza, lakini swali lake lina jibu moja tu linalokubalika. Mahali ambapo mshtakiwa anaweza kusema jambo moja pekee, hapasemwi kwamba amesikilizwa. Kutokana na hilo tunaweza kutoa kanuni ambayo fasihi hizi zinatufundisha: mpaka wa kwanza wa adhabu si kiasi cha maumivu, bali ni kama mwenye kuadhibu angali na uwezo wa kubadilishwa na anachokisikia.

Kitanzi kina kasoro ya pekee mbele ya kanuni hiyo. Kifungo, hata kirefu, huacha mlango wa kusikia. Wajumbe wa Kusadikika waliweza kufunguliwa kwa sababu walikuwa hai. Songea Mbano aliombwa radhi baada ya miaka 117, na hakuwepo kuipokea wala kuikataa.

6.0 Kutoka kaburini hadi mahakamani

Mtu anaweza kusema kwamba hayo yote ni mambo ya wakoloni. Siamini hivyo. Sheria ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, bado inaamuru kunyongwa kwa mtu aliyetiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia, isipokuwa mjamzito na mwenye umri chini ya miaka 18. Mwaka 1994 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu aliitangaza adhabu hiyo kuwa kinyume cha Katiba. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ilitengua uamuzi huo: ilikubali kwamba adhabu hiyo ni ya kikatili na ya kudhalilisha, lakini ikaona kuwa Katiba inairuhusu kwa maslahi ya umma. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua kwamba kumfunga jaji mikono, asiwe na hiari ya kutoa adhabu nyingine, kunavunja haki ya kuishi. Majirani walikuwa wamefika hapo kabla: Uganda mwaka 2009 na Kenya mwaka 2017. Nchini mwetu, kwa takribani miongo mitatu, hukumu hutolewa lakini hakuna anayenyongwa.

Ni lazima niweke tofauti wazi. Mahakama ya Tanzania si mahakama ya kijeshi ya 1906. Mshtakiwa ana wakili, ana rufaa, ana nafasi ya kuomba msamaha wa Rais. Aliyeuawa naye alikuwa na haki ya kuishi, na familia yake ina haki ya kusikia jamii ikilaani kitendo kile kwa sauti kubwa. Kumlinganisha muuaji na Mputa Gama ni kuwakosea wote wawili. Hoja yangu haihusu usawa wa matendo yao. Inahusu chombo kinachotumika. Adhabu ya lazima inamwamuru jaji asiwe na sikio katika hatua ya mwisho: akisikia umaskini, ugonjwa, ujana au toba, hairuhusiwi kumbadilisha. Kwa kanuni tuliyoitoa katika sehemu iliyotangulia, adhabu ya namna hiyo imevuka mpaka hata kama imetolewa na mahakama halali, kwa mtu mwenye hatia halisi.

Nayo hali ya kuhukumu bila kunyonga, ambayo wengi huiona kama huruma, inahitaji kuchunguzwa. Tukirejea dhana ya adhabu kama lugha, tunakuta kauli inayotamkwa na kusimamishwa katikati ya sentensi, huku aliyehukumiwa akiishi ndani ya kituo hicho miaka na miaka. Jamii haijasema ndiyo, haijasema hapana.

7.0 Hitimisho

Makala yameonesha kwamba tamthilia ya Kinjeketile inaiweka adhabu mahali ambapo malengo yake ya kawaida yamekwisha, ili kufichua lengo lililobaki, yaani kupata kauli ya aliyeshindwa. Kinjeketile anaikatalia adhabu lengo hilo, na katika kukataa huko tunauona mpaka ambao nguvu haiwezi kuuvuka. Makala yameonesha pia kwamba tamthilia imeuficha mpaka wa upande wa pili, yaani wajibu wa kiongozi kujibu mbele ya watu wake, na kwamba imewaacha walioadhibiwa kwa njaa walipokuwa ufunguzini. Utafiti zaidi unahitajika kuhusu jinsi simulizi za wanawake wa Ungoni zinavyoikumbuka njaa ile, kwa kuwa bila simulizi hizo uhakiki wetu utaendelea kurudia ukimya wa tamthilia.

Utawala wa Kijerumani ulikusudia kwamba miti ya kunyongea ya Songea iseme jambo moja kwa vizazi vyote. Leo mji umepewa jina la mmoja wa walionyongwa, na watoto wa shule wanapelekwa kusoma majina ya wenzake. Umati ulioitwa kushuhudia uliisoma kauli ile kinyume na alivyotaka mwandishi wake. Dola inayosimama kila Februari mbele ya kaburi lile, na kisha inaendelea kuiweka kamba katika vitabu vyake vya sheria, ina wajibu wa kueleza imejifunza nini hapo. Swali hilo haliwezi kujibiwa na mhakiki wa fasihi peke yake, lakini anaweza kuhakikisha kwamba limeulizwa.